Cheti cha Kulala Tennessee

Ijumaa ya mshahara, ukitaka kuona watu wazima wakitukana karatasi, njoo kituo cha mafuta cha pale State Line Road. Upande huu ni Memphis, jimbo la Tennessee, ambako tunalala. Ng'ambo ya barabara ni Mississippi, ambako tunafanya kazi kwenye ghala la viatu. Tennessee haikati mshahara wa mtu. Mississippi inakata, tena bila haya. Basi kila siku ya malipo tunavuka barabara, tunavunja cheki zetu pale kaunta, tunanunua mabawa ya kuku yenye pilipili, kisha tunasimama kusoma slipu za mshahara mstari kwa mstari kama mahakimu, na hesabu yenyewe ilitushinda tangu darasa la tano.

Hapo ndipo Lavelle Purifoy alipotukuta. Alikuwa amekuja kununua sigara, bwana mwenye suti ya rangi ya krimu katikati ya joto la Julai, na sauti ya mtangazaji wa vipindi vya dini. Akasikia kilio chetu. Wengine wakisikia watu wanalia huingiwa na huruma. Lavelle huingiwa na njaa. Akasogea, na kwa bahati mbaya aliyekuwa karibu yake ni mimi, Cleotha, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, ambaye mke wangu husema naweza kuuziwa kivuli changu mwenyewe na nikashukuru.

"Pole, kaka," akaniambia. "Nani kakuumiza?"

Nikamwonyesha slipu. Serikali kuu ya Washington imechukua chake. Mfuko wa uzeeni umechukua chake. Bima ya matibabu ya wazee nayo imo, na chini yao Mississippi, imekaa kama mgeni asiyealikwa. Mshahara wangu ulianza safari pale juu ukiwa na afya yake, ukafika chini mgonjwa. Lavelle akasoma yote, akatikisa kichwa kwa majonzi ambayo mpaka leo sijui aliyapata wapi haraka vile.

"Washington siwagusi," akasema. "Wale wana manowari. Lakini hawa Mississippi, hebu niambie, wewe unalala wapi?"

"Orange Mound."

"Hiyo iko Mississippi?"

"Memphis hiyo, kaka."

"Umewahi kulala Mississippi hata usiku mmoja?"

Nikafikiri kwa uaminifu. "Labda zamu ya usiku, juu ya foklifti."

"Huo ni usingizi wa kazini, sheria haiutambui. Kodi ya jimbo humfuata mtu kitandani kwake. Hawa wanakuibia."

Jamani, miaka yote ile nilikuwa namngoja mtu aniambie maneno hayo. Ukweli ni kwamba kodi ya jimbo hutozwa pale unapofanyia kazi, kitanda chako kiwe Tennessee, kiwe mwezini. Karani wa mishahara alishanieleza hivyo mara mbili, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Lakini ukweli wenye hasara nani anautaka? Nikauacha pale pale penye mabawa ya kuku, nikamfuata Lavelle kwenye gari lake.

Dawa yake ilikuwa karatasi nene yenye nyota tatu na muhuri wa dhahabu, inayothibitisha kwamba fulani bin fulani hulala Tennessee. Unaipeleka kwa karani, Mississippi inaachia, na kinachobaki mkononi kinanenepa. Bei yake dola mia. Nilikuwa na sitini. Akazipokea kama malipo ya awali, akaniita mtu mwenye maono. Mimi, mwenye maono, nikarudi kwa wenzangu na kumpigia debe bure.

Kesho yake wakati wa chakula kila mtu ghalani alikuwa akizungumzia alivyolala. Watu arobaini walitaka cheti. Ila walikwisha kuumwa na nyoka, kwa hiyo walitaka waone kwanza cheki yangu ijayo. Hapo Lavelle, aliyekuwa amekuja ghalani na vyeti vyake, akawa mpole kidogo, maana cheki yangu ijayo ingemkuta yeye yuko Arkansas.

Aliyemwokoa ni Bi Verlene Gathright. Huyu ni mama wa makamo anayekagua maboksi mlangoni, mtaratibu, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamwambia Lavelle kwamba cheki ya Cleotha haitatosha, kwa kuwa Cleotha hata akikatwa mara mbili atashangilia. Watu walicheka sana. Nami nilicheka, nikidhani anamsema Cleotha mwingine.

"Wewe mwenyewe, mwanangu, ajiriwa hapa," akasema. "Peleka cheti chako kwa karani. Siku ya mshahara tufungulie slipu yako mbele yetu. Tukikuta Mississippi haimo, watu arobaini watakupa mia mia papo hapo."

Lavelle akakohoa. Akasema yeye ni mtu wa kujitegemea, kazi ya kuajiriwa haimfai, na zaidi ya hapo si lazima atumie jina lake kamili.

"Bila jina lako kamili na namba yako ya serikali hakuna cheki," Bi Verlene akajibu. "Na bila cheki hutapata hata sumni."

Mia mara arobaini. Ile hesabu ilimwingia Lavelle kichwani na kufukuza kila kitu kilichokuwa humo, akajiandikisha kazi kwa jina lake kamili. Alishapanga, nilikuja kujua baadaye: angemhonga karani dola hamsini amchapie slipu isiyo na Mississippi, achukue zetu, na kufika jioni awe ameshavuka mto kuingia Arkansas.

Sasa nikwambie kitu ambacho sisi hatukukijua wakati ule. Bi Verlene alimtambua Lavelle tangu siku ya kwanza. Miaka mingi nyuma Lavelle aliishi kiangazi kimoja na mpwa wa Bi Verlene, Shondra, akimwita malkia. Kiangazi kilipoisha aliondoka na mashine ya Bi Verlene ya kukatia majani, akamwacha Shondra na mimba. Mahakama ya Memphis ilimwamuru alipe matunzo ya mtoto. Hakulipa hata senti, kwa sababu hakuna mahali palipokuwa na jina lake: siku zote aliishi kwa fedha taslimu na kwa ulimi. Shondra alikuwa anafanya kazi mbili, na mtoto, Kendria, analelewa na Bi Verlene. Lavelle naye hakumkumbuka huyu mama. Matapeli wangekuwa wanakumbuka nyuso wasingepata usingizi.

Basi kazi ilikuwa moja tu: Lavelle abaki ghalani mpaka cheki ya kwanza itoke. Na cheki ya kwanza kwetu huchelewa.

Siku ya pili alitaka kuacha. Ndani ya trela la lori, ukipakia maboksi mwezi wa Julai, mtu huiva kama kiazi, na Lavelle alikuwa hajawahi kuinua kitu kizito kuliko ahadi. Bi Verlene akamletea sahani: mboga za majani zilizopikwa na mkia wa nguruwe, mkate wa mahindi, pai ya fyulisi. Akala, akabaki. Wiki iliyofuata mgongo ulimkatika, akaaga kabisa. Bi Verlene akaja na samaki wa kukaanga, akamkumbusha kwa upole wale arobaini. Akabaki. Akawa anamwita mama, na anatuambia pembeni kwamba bibi yule anampenda, masikini, wazee wana upweke. Mimi nilimwonea wivu. Nilishalipa sitini na sikuwahi kupewa hata ukoko wa ile pai.

Ijumaa ya mshahara ikafika. Asubuhi Lavelle alimfuata karani na dola zake hamsini, karani akamwambia slipu zinachapwa makao makuu Nashville na yeye kazi yake ni kugawa. Lavelle hakutetereka. Alijua watu wanaotaka kuamini husomewa chochote. Akavaa suti yake, akapanda juu ya paleti, kile kichanja cha mbao cha kuwekea mizigo, katika chumba cha kulia, sisi tumejaa, fedha mfukoni. Akasema atajisomea mwenyewe. Bi Verlene akasema hapana, asome mteja wa kwanza. Nikapewa bahasha mimi.

Nikasoma kwa sauti. Mshahara mzima, huu hapa. Washington, wamekata. Uzeeni, wamekata. Matibabu, wamekata. Nikashuka mstari. Mississippi, wamekata.

Watu wakaguna. Lavelle akaanza kueleza kwamba majimbo husahau polepole. Ila mimi nilikuwa bado sijamaliza, kulikuwa na mstari mwingine ambao sijawahi kuuona kwenye slipu yangu, na tarakimu zake zilikuwa kubwa kuliko hao wote wakijumlishwa.

"Matunzo ya mtoto," nikasoma.

Kilichobaki chini kingetosha mabawa ya kuku na soda, ila soda ndogo.

Lavelle akashuka kwenye paleti, akaninyang'anya karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kama kuna maelezo. "Nani kawaambia niko hapa?"

"Wewe," Bi Verlene akasema. "Siku ulipoandikwa kazi. Kila mwajiri hupeleka jina la mtu mpya serikalini, na huko kuna watu kazi yao ni kuwatafuta akina baba waliopotea. Jina lako lilifika kwao kabla cheki haijafika kwako."

Ndipo alipomtazama vizuri. Akatazama ile miwani, akatazama ule mdomo, na nikaona uso wake unabadilika rangi. Akasema, "Wewe ni shangazi yake Shondra."

"Na bibi wa Kendria."

"Mtoto wa miaka tisa," Lavelle akasema kwa unyonge, "hela zote hizi anafanyia nini?"

"Kumi. Alitimiza Machi."

Lavelle akaikunja ile slipu. Akakaa juu ya paleti na suti yake ya krimu. Nilimhurumia, nasema kweli, na niliona aibu kwa niaba yake. Lakini mimi ni mimi. Nikainua mkono.

"Samahani," nikasema, "na sitini yangu je?"

Lavelle akavua kiatu, akatoa noti tatu za ishirini, akaninyooshea. Nami nikanyoosha mkono. Mkono wa Bi Verlene ukafika kwanza.

"Haya ni malimbikizo ya matunzo," akasema.

"Bi Verlene, hizo ni zangu."

"Zilikuwa zako, Cleotha, ulipokuwa na akili."

Nilitazama huku na huku nitafute mtu wa kunitetea. Watu arobaini, kila mmoja na mia yake salama mfukoni, walikuwa wanapanguza machozi ya kicheko.

Tulidhani Jumatatu hatutamwona Lavelle. Tulimkuta ndani ya trela, amefunga kitambaa kichwani, anasukuma maboksi. Ukimwuliza kilichomrudisha, anasema anangoja cheki ya pili aone kama ile ya kwanza ilikosewa. Ya pili ikatoka vile vile, naye akaja tena.

Mimi nimekatwa na Washington, nimekatwa na Mississippi, nimekatwa na mfuko wa uzeeni, na sijawahi kuona hata jiwe la barabara nikasema hili limetoka kwangu. Halafu Jumapili moja Kendria akasimama mbele ya kanisa kusoma zaburi, na miwani mipya usoni. Shule ilikuwa imesema haoni ubao. Alisoma mpaka mwisho bila kukwama. Nikamgusa mke wangu bega, nikamnong'oneza kwa fahari kwamba kioo cha kushoto ni changu.