Meno Yasiyolala

Jumatatu, 4 Machi

Mwezi wa tisa sasa silali bila meno. Navua dakika moja tu bafuni, komeo limeshuka, nayasuuza, narudisha. Daktari aliyenitengenezea alisema niyavue kila usiku na kuyaloweka. Alisema mengi. Daktari hana mchumba wa kumtafuta.

Mimi ninaye. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mjane, mwenye akili zake. Nimempelekea suruali nne azipunguze, zote zilikuwa zinanitosha. Siku ya kwanza alinisifia tabasamu. Akasema ni nadra kuona mtu wa umri wangu mwenye meno yake yote. Sikumsahihisha. Nimekuwa karani wa masjala miaka thelathini na mmoja; hakuna faili lililotoka mikononi mwangu bila kibali, na hili halitatoka.

Jumapili ijayo katualika chai. Katualika, maana kamwalika na Mkaguzi, jirani yangu, aliyekuwa akikagua tiketi za treni. Naye anapeleka suruali. Meno yake ni ya bandia na haoni haya hata chembe: akimaliza kula anayavua, anayasuuza bombani huku anapiga soga. Mpinzani wa namna hii ni wa kuombewa maisha marefu.

Jambo moja tu. Chai ya asubuhi imeniwasha kaakaa. Majani ya bei rahisi haya.

Jumanne, 5 Machi

Si majani. Hata maji matupu yanawasha. Pembe za mdomo zimepasuka, kulia na kushoto, kwa usawa kabisa. Dada yangu, ambaye anasema anaishi nami ili anitunze, akasogea, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema nanuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndooni. Damu nzito kuliko maji, wanasema.

Nimejitazama kwa kioo cha kunyolea. Kaakaa jekundu, na wekundu wenyewe una umbo la bamba la meno, mpaka wake umenyooka kama uliopigwa rula. Ndani ya shavu kuna utando mweupe. Nikaufuta kwa leso, pakatoka damu. Mtu mwingine angekimbilia kliniki ya meno. Lakini kliniki inatazamana na duka la Fundi! Mkaguzi huingia pale kila baada ya miezi sita, na akitoka anampungia mkono. Mimi sijafikia hapo.

Mpango: pipi za mnanaa. Pakiti tatu. Moja inayeyuka mdomoni, nyingine iko tayari mkononi.

Alhamisi, 7 Machi

Pipi zimekwisha, harufu ipo. Utando umeongezeka, sijui umetoa wapi nguvu.

Mpango wa pili, na huu nashangaa madaktari hawajaufikiria: kuchemsha. Kila kijidudu kinaogopa moto. Dada alipokwenda sokoni niliyatia meno sufuriani, dakika kumi. Yametoka safi sana. Yametoka pia yamepinda. Upande wa kushoto bamba limenyanyuka, na nikifunga mdomo linanichubua fizi. Dada akarudi mapema, akauliza sufuria yake ya maziwa inachemsha nini. Nikasema yai. Akafunua, akauliza ni yai gani hilo lenye magego.

Baada ya hapo nilihubiriwa hadi chakula kikapoa. Eti mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nazungumzia ndoa, yeye ananiletea kifo. Nimenunua gundi ya meno. Nusu tyubu inatosha.

Jumapili, 10 Machi

Naandika haya bila meno na bila heshima.

Tulikaa watatu kwenye chumba cha mbele, katikati ya vitambaa na cherehani. Chai ya moto, biskuti ngumu. Nilikuwa nimetia tyubu nzima. Nikawa nazungumza vizuri tu, kwa ufupi, kama mtu mwenye mawazo mazito. Chai ikalegeza gundi. Nikauma biskuti, nikaitoa, na meno ya juu yakatoka nayo.

Nilimtazama Mkaguzi nikisubiri acheke. Hakucheka. Alinisogezea leso yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi akayachukua meno kwenye biskuti. Akayageuza kama anavyogeuza pindo lililoshonwa vibaya, akakwaruza bamba kwa ukucha, ukatoka utelezi. Akauliza nayavaa saa ngapi kwa siku. Nikamwambia zote. Akavua ya kwake. Ya juu na ya chini! Akasema ni mwaka wa kumi na mbili, na kwamba alinijua tangu suruali ya kwanza. Alinisifu ili nipate pa kuanzia niseme ukweli. Nilichosema ni asante. Akasema mume asiye na meno anaweza kuishi naye, ila mume wa kuficha, hapana. Kama namtaka kweli, kesho nivuke barabara naye.

Aibu niliyoiona sitaiandika yote, karatasi hazitoshi.

Jumatatu, 11 Machi

Tumevuka. Daktari wa hapa ni binti wa rika la mpwa wangu. Alitazama ndani, akaita msaidizi naye atazame. Ni fangasi, akasema. Wamo vinywani mwa watu wengi, wametulia. Mimi nimewajengea nyumba. Kaakaa limefunikwa usiku na mchana, bamba halisuguliwi, mate hayapiti. Pipi nilizokula ni chakula chao. Bamba lililopinda linachubua, na kwenye michubuko wanashamiri. Akanipima sukari mwilini, maana wakati mwingine chanzo huwa hapo. Iko sawa.

Nimepewa dawa ya matone, mara nne kwa siku, meno yakiwa nje. Kila siku nisugue bamba kwa brashi laini na sabuni, nisugue fizi na ulimi pia. Usiku navua, naloweka kwenye maji yenye kidonge cha kusafishia. Meno mapya nitatengenezewa fizi zikipona. Akaonya kwamba dawa bila kuvua meno ni kama kudeki huku bomba linavuja. Fundi aliyaandika yote kwa chaki yake ya kukatia nguo, kwenye pindo la kitambaa. Kisha akamteua Dada: kila asubuhi akague glasi yangu ya kulowekea meno dirishani na kumpelekea habari.

Jumanne, 16 Aprili

Ushindi! Kaakaa limepona, meno mapya yana wiki mbili na yanakaa barabara. Fundi amekubali. Mkaguzi kanishika mkono, akasema nimepata mke. Mtu mzima kabisa yule, nilimfikiria vibaya.

Limebaki jambo dogo la glasi. Muuza maziwa hugonga mapema, nami nimfungulie na mashavu yaliyobonyea? Masjala ilinifundisha kwamba mkaguzi wa ofisi hutaka kuona faili mahali pake, hafungui ndani. Basi kila jioni nayaweka dirishani yale ya zamani, yaliyopinda, na mapya nalala nayo. Dada hana miwani asubuhi. Anaona meno glasini, anaridhika, na amemwambia Fundi kwamba kaka yake amebadilika.

Chai ya leo imeniwasha kidogo. Lazima tubadilishe majani.