Ombi la Mama Mkwe Kuruhusiwa Kwenda Kwake Kabla Sijapona Kabisa

Kwa Mheshimiwa Bwana Afya,

Pole na kazi, na hongera kwa kupambana na gonjwa hili. Mimi ni fundi cherehani, raia mtiifu. Mlipoamuru tukae ndani, nilikaa, tena kwa furaha: nile, nilale, nitazame mpira wa marudio. Ila mlisimamisha mabasi wakati mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa michezo, amekuja kutusalimia. Nami jana yake, kwa adabu tu, nilikuwa nimemwambia, "Mama, hapa ni kwako." Jamani, adabu nayo ina hasara! Naomba umpe kibali cha kusafiri kwa sababu hizi:

1. Kila alfajiri anapuliza filimbi koridoni. Mke wangu anatoka anacheka. Na mimi nitamgomeaje mkwe? Naruka kamba kati ya kochi na cherehani, naitikia, "Naam, Mama," huku roho iko kooni.

2. Sukari ameihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda. Chumba cha mkwe, Mheshimiwa! Naingiaje? Hakuna kufuli linalolishinda hilo. Chai nainywa kama dawa.

3. Sigara zangu nilikuwa navutia chooni. Akawa anasimama nje ya mlango, kwa huruma kabisa, ananiuliza kama tumbo bado linanisumbua. Mara ya tatu akanichemshia majani machungu, nikayanywa yote mbele yake. Nimeacha sigara kwa aibu, si kwa hiari yangu. Hii ni haki?

4. Wenzangu mtaani wamekaa ndani wakanenepa vizuri. Wananipitishia suruali dirishani nizitanue kiuno, wakati zangu zinanivuka. Wanadhani naumwa, wanasimama mbali kuliko mlivyoagiza ninyi. Jina langu la biashara linakwenda na maji.

5. Hili ndilo baya zaidi. Juzi niliamka kabla ya filimbi, nikamsubiri koridoni. Mtu akifika hapo, Mheshimiwa, si ameshapotea?

Kwa hiyo nakuomba kwa unyenyekevu: kama hakuna basi, hata gari la wagonjwa litafaa. Mgonjwa nitatafuta.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule dada wa getini anayetupima joto huku amefumba macho.

Wako mtiifu, anayezidi kupungua,
Fundi.

Nyongeza: Redio imetangaza sasa hivi kwamba mabasi yanaanza kesho. Mama amefunga begi, anatushukuru kwa mapokezi, eti asituchoshe. Mke wangu ananiangalia, nami nimeinamia barua hii. Nakusihi, Bwana Afya, funga tena, japo wiki moja tu. Hivi sasa nyumba nzima inatafuta viatu vyake. Nimevikalia hapa ninapokuandikia.