Taarifa ya Mwaka wa Nne ya Mradi wa Kazi Inayonifaa

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, ambaye ni mjomba, mkalia kiti pekee cha sebule hii kisichoyumba. Mheshimiwa mama, mlezi mkuu wa taasisi na msimamizi wa sufuria zote. Mheshimiwa dada, mfadhili wetu wa maendeleo, ambaye amekubali kuacha cherehani kwa nusu saa ingawa ana sare za shule za kumalizia. Mheshimiwa jirani wa mlango wa pili, mwangalizi wa kimataifa, aliyekuja kurudisha pasi na akaamua kukaa. Wadau wote mlioalikwa na mlioburutwa: itifaki imezingatiwa. (Mama anapiga makofi. Mjomba anaangalia saa.)

Kama mnavyofahamu, miaka minne iliyopita, katika sebule hii hii, kikao kama hiki kilitaka kujua mtu mwenye cheti na miguu miwili mizima anafanya nini kitandani saa nne asubuhi, na mtu huyo, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi, akajibu kwamba hawezi kurukia kazi yoyote tu, bali ataendesha mchakato shirikishi, wenye dira, dhima na stratejia, wa kubaini kazi inayoendana na kipaji chake. Na hapo ndipo ulipozaliwa Mradi wa Kazi Inayonifaa, nami nikajiteua Mkurugenzi Mkuu, uteuzi ambao mpaka leo haujapingwa na mahakama yoyote. (Jirani anacheka peke yake.)

Mafanikio ni mengi, na muda hautoshi. (Mjomba: "Kweli hautoshi.") Katika awamu ya kwanza, ambayo sisi wataalamu tunaiita pailoti, Mradi ulijikita kwenye upigaji picha, na kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzake mjomba nilipiga picha mia mbili na kumi, ambazo asilimia tisini na moja zilikuwa za mabega, na wateja wakatoa fidibaki kwa simu isipokuwa bwana harusi, aliyeileta mwenyewe mlangoni. Awamu ya pili ilikuwa ya umeme, na matunda yake yako kwa mheshimiwa jirani, ambaye tangu nimfungie kengele, mgeni akibonyeza tu, taa ya jikoni inazimika, hivyo hahangaiki tena kusikiliza mlango. (Jirani: "Nilikuwa nakaanga, wewe! Giza totoro, mafuta yanachemka!") Awamu ya tatu ilikuwa ya unyoaji, na kwa heshima ya meza kuu sitaingia kwa undani. (Mjomba anagusa kisogo.)

Wapo wabezaji wanaosema nimeshindwa. Nawajibu kwa takwimu: ikiwa kinachofaa hupatikana kwa kuondoa visivyofaa, basi hakuna taasisi iliyoondoa vingi kwa kasi kama hii, na kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, tumebakiza kazi elfu tatu na ushee tu. Aidha, Mkurugenzi wenu amehudhuria usaili ishirini na sita, kila mara akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na dada, na matokeo ya usaili huo yanaendelea kuchakatwa katika ngazi za—

(Mjomba: "Mpwa wangu, simama hapo hapo. Tumeitana kwa ajili ya barua ya dada yako. Chuo cha uuguzi kimemwita mara ya tatu, kinafunguliwa kesho, na wamesema wazi asipofika nafasi anapewa mwingine. Mara mbili ameahirisha kwa sababu yeye ndiye anayeilisha nyumba hii. Sasa, aende au asiende?" Dada: "Mjomba, mwache amalize. Nitaandika tena, labda watanielewa.")

Mheshimiwa mwenyekiti, nilikuwa nimeandaa kurasa kumi na mbili za kujibu hoja hiyo kwa kuizunguka. Naomba niziruke.

Usaili ule ishirini na sita sikwenda hata mmoja. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la posta mpaka saa saba, nikisoma tangazo la ukubwa wa vifurushi, kisha narudi nyumbani na uso wa mtu aliyechoka. (Mama: "Ishirini na sita? Na mimi nilikuwa naombea yote!") Nilikuwa naogopa, mama. Nilijua nikifanya kazi kwa dhati nikaambiwa sifai, sitakuwa na pa kujificha, lakini mtu anayetafuta bado, nani atamwambia hafai?

Dada yangu hakuwahi kuunda kamati. Akiwa na miaka saba alifunga bandeji mguu wa meza hii kwa kitambaa cha mama, akaukataza usitembee. Mwaka jana mama alipoteleza bafuni, yeye alimshika, akamtuliza, akauzuia mguu usitikisike, akamwambia daktari mfupa umevunjika wapi kabla daktari hajauliza, na muda wote huo Mkurugenzi Mkuu alikuwa anatafuta viatu. Naona aibu, dada. (Dada anatazama sakafu.)

Alhamisi nilikwenda kwenye karakana ya samani nyuma ya soko. Msimamizi alinionyesha rundo la miguu ya viti, akanipa msasa, akasema nisugue mpaka mkono upite bila kukwama. Nimesugua siku tatu, kwa ujira unaotosha unga wa nyumba hii. Vidole hivi vimechubuka, msivicheke. Sijui kama kazi hii inanifaa. Msimamizi hakuniuliza, na kesho saa moja asubuhi ananisubiri. (Mjomba anavua miwani, anaiweka mezani.)

Kwa hayo machache, naomba mniitikie. Mradi oyee! (Kimya.) Stratejia oyee! (Jirani anakohoa.) Dada oyee! (Mama: "Oyee!" Jirani: "Oyee!" Mjomba, kwa sauti kuliko wote: "Oyee!")

Nawashukuru sana kwa kuuvumilia, kuulisha na kuupigia pasi, kwa miaka minne mfululizo, mradi ambao haukuwahi kuwepo. Niliwaambia natafuta kazi yangu, kumbe nilikuwa nimeikalia ya dada.

Nimeinuka, dada. Nenda kafunge mizigo.