Kopo Ambalo Kila Mtu Angeliweza Kulifikiria

Jumatatu, 5 Septemba 1960

Kopo limekubali. Limekubali kwa mawe mapya ya tochi, limekubali kwa makuukuu. Kwa mawe ya redio ya Mzee Kificho halikuonyesha kitu, na ni haki yake, maana yale si betri tena, ni maiti wasiozikwa.

Niandike lilivyo, nisije nikasahau. Kopo la maziwa. Ndani yake globu ya tochi, na waya mbili za kugusisha kwenye mawe. Kifuniko nimekitoboa matundu matatu. La kwanza nimelibandika karatasi nyembamba. La pili karatasi ya kaki. La tatu kipande cha kaniki. Mwanga ukipenya hata kwenye kaniki, mawe yana nguvu, nenda safari yako. Ukiishia kwenye kaki, yaanike juani. Ukionekana kwenye karatasi nyembamba tu, usitoke nyumbani kwa mama yako.

Wenzangu hapa Ole wanapimaje? Wanayaanika mawe juu ya jamvi pamoja na karafuu, halafu jioni wanamwita Mzee Kificho ayarambe. Anafumba macho, anaramba, anasema hili lina uhai, hili halina. Watu wazima wamesimama wanangoja ulimi wa mzee ambaye siku hizi hapambanui chai na maji ya kunawia. Na wanamshukuru.

Mimi nimeyapata haya kwa sababu ya mwanangu Shaame. Hutoka alfajiri na baiskeli kwenda Vitongoji kuchukua samaki wa kuuza. Wiki iliyopita tochi ilimzimikia njiani, akaingia mtaroni yeye na tenga lake. Goti likamvimba. Siku hiyo usiku alinimulika nikiwa nimejifunika ushungi, nikaona mwanga haupenyi kitambaa. Mawe mapya hupenya. Hapo hapo akili ikafunguka.

Sasa anasema amechoka na samaki. Kuna rafiki yake Tanga amemtafutia kazi bandarini. Tanga! Huko nani atamwangalia goti? Bwana Thuwein, mwenye duka Chake Chake, aliniambia serikali hutoa karatasi kwa mtu aliyebuni kitu, na mwengine yeyote akikiiga anashitakiwa. Nimemwambia Shaame asubiri. Amekubali. Karatasi ikitoka, atabaki tutengeneze makopo pamoja. Isipotoka, anapanda meli.

Kwa hiyo itatoka.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimefika Chake. Afisa wa kuchunguza vitu vilivyobuniwa ametoka Unguja, anaitwa Bwana Badar. Kijana mdogo, kola ngumu, shingo haigeuki. Akitaka kutazama pembeni anageuka na kiti.

Nikamwonyesha kopo. Akaligusisha kwenye mawe, akatazama matundu, akayatazama tena. Nikajua limemwingia. Halafu akafungua kitabu kinene. Akasema kuna Mzungu mmoja zamani alitia globu kwenye sanduku ili ajue betri ni nzima au imekufa. Na kuna Mzungu mwengine alipima ukali wa mwanga kwa kuuzibia karatasi juu ya karatasi. Nusu ya kopo langu ni ya yule, nusu ni ya huyu.

Nikamwuliza Wazungu hao walikuwa wanajuana. Akasema hapana, mmoja alikufa kabla mwenziwe hajazaliwa. Nikamwuliza basi aliyewakutanisha ni nani, kama si mimi. Akasema hilo la kuwakutanisha ndilo jambo la wazi, mtu yeyote wa kazi hiyo angeliweza kulifikiria.

La wazi! Nikamwambia, Bwana Badar, mchele ulikuwapo, nazi ilikuwapo, sukari ilikuwapo, na jirani yangu Mwanapili anavikutanisha kila siku ya Mungu, lakini mkate wake wa kumimina ukidondoka unavunja kigae. Akasema hilo halihusiani. Hajawahi kuula.

Mwisho akaniambia nisikate tamaa. Atakuja Ole mwenyewe Alhamisi ijayo. Niwakusanye watu wanaotumia mawe kila siku, awaulize kama kweli wangeliweza kulifikiria kopo. Wakisema wasingeliweza, ataangalia upya.

Nilicheka njia nzima kurudi. Watu wa Ole waseme hawana akili? Ushahidi ninao tangu nimezaliwa.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimechagua wajinga wa kuaminika. Wa mbele ni Mzee Kificho. Kama yule aliyeramba mawe miaka yote hakulifikiria kopo, nani angelifikiria?

Nimemfundisha maneno. Afisa akiuliza, aseme, "Mimi nisingeliweza, bwana, akili yangu haifiki huko." Alirudia vizuri, hata akatikisa kichwa kwa huzuni. Ningelia kama simjui.

Mwanapili alikuwa amesimama kitaluni kwake, ananyoosha shingo juu ya ukuta unaotutenga. Akaniuliza, "Shoga, mbona leo una wageni, kuna posa?" Nikamwambia kuna jambo la watu wenye akili. Akasema basi nitamwita atakapohitajika mpishi. Simwiti. Huyu mwanamke nikifuga kuku, anafuga. Nikipaka ukuta chokaa, anapaka. Nikiumwa jino, kesho kafungwa kitambaa shavuni.

Jumanne, 13 Septemba

Nimewapikia mashahidi wangu wali na pweza. Walikula kama watu wanaojiandaa kwa vita, na kazi yenyewe ni kusema hawajui. Tukarudia somo. Wote wamehifadhi.

Shaame alikuwa kibarazani anaziba tairi. Wageni walipoondoka akaniambia Bwana Thuwein kamwambia analitaka kopo hivi hivi lilivyo. Tukimpelekea tenga zima la makopo, atayauza dukani. Karatasi ya nini? Nikamwambia mwanangu, likiingia dukani leo, Ijumaa kila kopo la Pemba litakuwa na matundu matatu, na la Mwanapili litakuwa na manne. Akasema, "Waache watoboe, mama. Sisi si tutakuwa tumeuza?" Maskini, hajui dunia. Goti lenyewe bado anachechemea.

Nimempaka mafuta ya nazi ya moto. Akasema haliumi. Linauma, najua mimi.

Alhamisi, 15 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Bwana Badar alikuja na gari, akakaa mbele ya msikiti penye benchi. Habari ikazagaa, ikaja Ole yote. Kosa langu la kwanza, ikiwa ni kosa, ni kutojua kwamba wakwe wa Mzee Kificho wametoka Tumbe kuja kumtembelea, na wamekaa mstari wa mbele na bakora zao.

Afisa akaliinua kopo, akaeleza. Akamgeukia Mzee Kificho, na kiti chake. Akamwuliza mzee, wewe unayejua mawe, ungeliweza kulifikiria hili?

Mzee Kificho akawatazama wakwe. Wakwe wakamtazama. Akajikohoza, akasema, "Hili? Hili nimelifikiria tangu zama za vita. Nilikosa kopo tu."

Nikamkanyaga mguu. Akausogeza.

Wa pili akasema yeye kwake hata watoto hulicheza. Wa tatu akasema mkewe alimpa rai hiyo, akaona ni upuuzi. Wa nne, aliyekula pweza sahani mbili, akamshauri afisa jinsi ya kuongeza tundu. Wanaume wote wa Ole wamekuwa mafundi mbele yangu ndani ya muda wa kupika chai. Hakuna aliyekubali kuwa mjinga mbele za watu, na hali huwa wajinga bure kila siku bila kuombwa.

Hapo akasimama nani? Mwanapili. Hakuitwa. Akasema, "Bwana afisa, hawa wanadanganya. Mimi nilikuwa nachungulia kitaluni kila siku, nikamwona Bi Mwatum akilitengeneza hatua kwa hatua, na mpaka leo sijafahamu. Mie nisingeliweza. Huyu shoga yangu kichwa chake si cha mchezo."

Bwana Badar akashika kalamu. Akamwambia arudie polepole.

Sasa mimi ningejuaje nia yake? Miaka yote hii Mwanapili hajanisifu hata chumvi. Nikajua huu ni mtego. Anataka karatasi itoke, halafu aje aseme yeye alikuwapo tangu mwanzo, agawiwe nusu. Damu ikanipanda. Nikasimama nikasema muongo huyu, asimdanganye bwana afisa. Anajifanya hafahamu! Mtu aliyechungulia siku zote hizo hajafahamu? Kitu chenyewe ni globu na kopo, hata yeye angeliweza, hata mtoto wa chuo cha Kurani angeliweza, hakuna kitu rahisi kama hicho duniani.

Bwana Badar akaandika. Aliandika kwa raha sana. Akaniuliza kama hayo ni maneno yangu mwenyewe. Nikasema ndiyo, na nitayarudia mahakamani.

Shaame alikuwa amesimama nyuma na baiskeli yake. Alijifunika uso kwa mikono miwili.

Jumamosi, 17 Septemba

Jawabu limekuja. Kopo limekataliwa. Imeandikwa kwamba jambo ni la wazi, na kwamba mwombaji mwenyewe amekiri hivyo mbele ya watu.

Haya, watu wa Ole wanafanya nini leo, hao waliolifikiria tangu zama za vita? Wameanika mawe kwenye jamvi. Jioni wakaenda kwa Mzee Kificho. Akayaramba.

Mwanapili alileta sahani ya mkate wa kumimina, kunipa pole. Akasema, "Nilitaka kukusaidia, shoga." Nikamshukuru. Sijaula. Mtu anayekuletea mkate siku unayoshindwa ana lake jambo.

Jumapili, 18 Septemba

Shaame amekaa na mimi jikoni tangu asubuhi. Akaniambia taratibu kwamba habari ya karatasi imekwisha, lakini kopo halijakwisha. Bwana Thuwein bado anataka. Akasema, "Mama, kesho tukae tukate makopo. Mimi sitakwenda Tanga. Nitabaki hapa hapa." Akanishika mkono. Mkono wake una magamba ya samaki mpaka kwenye kucha. Nilitaka kulia.

Nikamwambia mwanangu, utabaki, lakini kwa heshima. Siwezi kuuza kitu ambacho serikali imesema ni cha kila mtu. Nimewaza usiku na mchana nimeona kosa liko wapi. Kopo linafahamika! Mtu akilitazama mara moja anajua. Ndiyo maana kila mpumbavu anasema lake. Tunataka kopo ambalo hakuna atakayelifahamu.

Shaame aliutoa mkono wake. Akasema meli ni Jumamosi.

Nikamwambia atakuwa hajaondoka.

Jumatano, 21 Septemba

Kazi imepamba moto. Kopo la pili ni kubwa, la mafuta ya taa. Nimetia globu mbili, kioo kilichovunjika, springi ya saa, kifuu, na waya zimepita kila mahali, nyengine haziendi popote. Matundu nimeyatoboa mpaka mkono umechoka. Kumi na mbili yana kaniki, mengine yana vitambaa vya nguo za sikukuu, ili wapate la kushangaa.

Globu ya pili sikuwa nayo. Nikavunja kopo la mwanzo nikaitoa. Lilikuwa halina kazi tena.

Shaame aliliulizia jioni. Alitaka kwenda nalo Tanga, kwa tochi yake. Nikamwonyesha vipande. Akavikusanya kimoja kimoja akaviweka dirishani, akaenda kufunga mzigo. Nikamwambia asifunge kwa nguvu, atapata taabu kufungua nikipata jawabu. Akazidi kukaza kamba. Ana kiburi cha marehemu baba yake.

Jumamosi, 24 Septemba

Nimetoka bandarini Mkoani kumsindikiza Shaame. Nimempa mafuta ya nazi chupa nzima, na mawe mapya, na nimemwambia ayaanike kila Ijumaa. Pale gatini kabla hajapanda akaniambia, "Mama, lile la mwanzo lilikuwa zuri."

Nikamwambia, mwanangu, lile kila mtu angelifikiria.

Alicheka kidogo, akanibusu mkono, akapanda. Nilisimama mpaka meli ikawa kama kopo, halafu haikuonekana. Hatakaa sana. Barua yangu ya kumwita arudi itamkuta hata hajajua njia ya soko.

Mwanapili alikuwapo nyumbani niliporudi, amenifagilia ua na kunibandikia chai. Akalitazama kopo jipya akaniuliza linafanya nini. Nikamfukuza. Lakini nilifurahi, kwa sababu hakufahamu kitu, na safari hii sikusema neno.

Kisha nikakaa nalo peke yangu nikaligusisha kwenye mawe. Globu moja ikawaka ndani kabisa, nyengine haikuwaka. Kwenye tundu moja nimeona mwanga, kwenye tundu moja nimeona jicho langu. Mawe yakapata moto. Nimeligeuza juu chini mpaka jua likatua, na mimi mwenyewe sijui linapima nini.

Jumatatu nalipeleka kwa Bwana Badar. Akithubutu aseme ni la wazi.