Ombi Langu la Ukaazi wa Kudumu na Kahawa ya Mama

Sengkang, Singapuri

Kwa Mheshimiwa Ofisa wa Maombi ya Ukaazi wa Kudumu,

Nakusalimu kwa heshima na taadhima, nikitumaini kwamba u mzima na kwamba asubuhi ya leo umekunywa kahawa yako. Mama yangu hajanywa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni Seshadri Varadarajan, mhandisi wa lifti, mzaliwa wa Kumbakonam. Kama leo umepanda hadi ghorofa ya juu bila kukwama, huenda ni kazi ya mkono wangu, na sidai shukrani. Nimeomba ukaazi wa kudumu mara nne, na mara zote nne nimekataliwa kwa barua fupi yenye adabu nyingi. Silalamikii kukataliwa. Nalalamikia madhara yake, nami nayataja kwa mpangilio.

1. Siku nilipopeleka ombi la kwanza, mama yangu, Bibi Vedavalli, aliweka nadhiri kwa Mungu Ganesha. Akanipigia simu: "Sesha, nimeacha kahawa kwa ajili ya hayo makaratasi yako. Siigusi mpaka Mungu anisikie." Mheshimiwa, huyu ni mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya kunguru ili kahawa ichujike taratibu kwenye kichujio chake cha shaba, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha kabla ya kikombe cha pili. Sasa anakunywa maji moto yenye bizari nyembamba. Hayo ni maisha gani?

2. Mama asiye na kahawa husema kweli tupu. Familia ya bwana mmoja ilikuja kwa jirani yetu kumposa binti, na mama akaalikwa kwa heshima ya utu uzima. Wakamuuliza anamwonaje kijana wao. Akasema, "Meno anayo mazuri. Akili bado." Posa ikavunjika pale pale, kabla hata vitafunwa havijapoa. Kwa kunikatalia mimi, mmevunja ndoa ya watu msiowajua.

3. Baba yangu, mkuu wa stesheni mstaafu, hawezi kunywa kahawa nyumbani kwa sababu harufu inamtesa mama. Huinywea nyuma ya kibanda cha muuza maua, amesimama, akichungulia huku na huku kama mvulana anayevuta sigara. Mtu aliyekuwa akisimamisha treni kwa bendera!

4. Nambari hii nimeifuta kwa ushauri wa mke wangu, Hamsa. Amesema haifai kumweleza mtu wa serikali kwa nini kuhani wa hekalu letu ameomba uhamisho.

5. Kinachoniumiza zaidi ni ujasiri wa mama. Kila mnaponikatalia nampigia simu, naye hunifariji kwa sauti ya furaha utadhani amepata mjukuu. "Wamekataa? Kabisa kabisa? Hawawezi kubadili mawazo? Basi usilie, mwanangu, kula chakula ulale." Siku hiyohiyo huenda hekaluni kupasua nazi mbele ya Ganesha. Mara ya mwisho alipasua gunia zima na kugawa laddu, vile vitamu vya mviringo vya sherehe, mtaa mzima. Hebu fikiri, mama wa watu anaficha uchungu wake kwa laddu! Nikiandika haya machozi yananitoka.

6. Kuhusu kustahili kwangu, nimekuwa mtu wa hapa hadi nimepitiliza. Nikiona foleni najipanga kwanza, kisha ndiyo nauliza wanapangia nini. Nikienda kula, natangulia kuweka pakiti ya tishu juu ya meza, na hakuna anayethubutu kukaa hapo. Nilipokwenda Kumbakonam kwa likizo, kwenye karamu ya harusi, niliweka pakiti yangu kando ya jani la mgomba nililopakuliwa chakula nikaenda kunawa. Niliporudi nilimkuta mjomba ameketi pale, amemaliza wali wangu na anajifutia mdomo kwa tishu yangu. Nilisimama nimeduwaa. Mama alicheka, halafu akaniambia polepole, "Sesha, huku anayekupenda ndiye anakuwekea nafasi. Tishu ya nini?" Nilijua ni ukosefu wa kahawa unaomsemesha hivyo.

7. Basi tazama tunakoelekea. Mkinikatalia tena, mama atabaki bila kahawa. Akibaki bila kahawa, ataendelea kusema kweli. Akisema kweli, hakuna binti atakayeolewa mtaani kwetu, watoto hawatazaliwa, shule itafungwa, na mji mzima, ambao haujawakosea chochote, utageuka mahame. Yote hayo yanazuilika kwa muhuri mmoja. Naomba muhuri huo. Pia, kama sheria inaruhusu, naomba barua ya pili yenye nembo ya serikali, ya kumwamuru mama anywe kikombe cha kwanza mara moja.

Nisalimie wote hapo ofisini: walinzi wa mlangoni, dada wa dirishani anayelitamka jina langu lote bila kujikwaa, na hata ile mashine ya kutoa nambari za foleni, ambayo imekuwa kama ndugu.

Wako mvumilivu,
Seshadri Varadarajan

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea baba barua hii kwa simu, ahakikishe sijamsingizia mtu. Alicheka hadi akapaliwa. Kisha akasema, "Sesha, nani alikwambia anaomba ukubaliwe? Mama yako aliapa hagusi kahawa mpaka urudi nyumbani. Siyo likizo, urudi kabisa. Wakikukatalia, zile nazi ni za shukrani. Mimi nilidhani unajua, baba."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba uisome barua hii kuanzia chini kwenda juu. Mkinikubalia, mama yangu hatakunywa kahawa tena hadi anakufa. Tafadhali liwekeni ombi langu kando kwanza, msilijibu ndiyo wala hapana. Hamsa ameshateremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati na kulikalia. Alikuwa ameniletea kahawa nilipoanza kuandika. Imepoa hapa mezani, na tangu baba akate simu siwezi kuigusa.