Mtu wa Kumi na Tano

Wewe umewahi kumwona mtu akiuza kitu kinachotolewa bure, na watu wakapanga foleni kumpa pesa? Mimi nimemwona, hapa hapa Wexley, Michigan, wiki ya mwisho ya Agosti, siku chuo chetu cha wilaya kinapowakaribisha wanafunzi wapya. Jina lake Lyle Vanderkolk.

Siku hiyo kila kitu ni cha bure: soseji kwenye mkate, kalamu zisizoandika, fulana za bluu zinazomkaa vizuri mtu mmoja kati ya kumi. Hata kuegesha gari ni bure, wiki mbili nzima, ili wageni wasikimbie kabla hawajazoea. Lyle alivaa fulana mojawapo, akaning'iniza shingoni kadi yake ya duka la vyakula akiwa ameigeuza, akashika ubao wenye karatasi. Basi. Mtu mwenye kamba shingoni na ubao mkononi huyo ni serikali. Akasimama kwenye lango la maegesho akiuza stika za duara za rangi ya chungwa, zile za bei tunazobandika kwenye vikombe tunapouza vitu vyetu vilivyotumika uani. Dola tatu kila moja.

"Lakini tangazo limesema kuegesha ni bure," alisema binti mmoja.

"Kuegesha ni bure, dada. Kutovutwa na breki-dauni ndiko kunakolipiwa."

Binti akalipa, tena akashukuru.

Stika zilipokwisha, Lyle akaenda kutafuta soseji ya nne. Ndipo alipokiona kiti.

Kilikuwa kwenye meza ya mwisho kabisa, kati ya wachangisha damu na mapipa ya taka, kimeegemezwa ukutani. Kiti kikubwa cha mikono, cha zamani, kimevishwa mahameli ya kijani, na misumari ya shaba imepangwa pembeni mmoja mmoja, mistari imenyooka utadhani imepigwa kwa rula. Lyle alijua bei ya vitu vya wenzake kuliko wenye vitu wenyewe. Alimeza mate, na hayakuwa ya soseji.

Nyuma ya meza alikaa Bi Bernadine Kosciak, miaka sabini na mmoja, mwalimu wa kuvisha viti vitambaa tangu chuo kilipokuwa na jengo moja. Miwani imefungwa uzi, misumari mitatu imebanwa mdomoni. Hakuna aliyesimama kwenye meza yake, ingawa keki ya mamung'unye ilikuwa imekatwa.

"Mama, kiti hiki unauza?"

Bi Kosciak akaitoa misumari mdomoni. "Siuzi, mwanangu. Nafundishia. Kula keki."

"Mbona huna furaha, mama yangu?"

"Nina watu kumi na wanne. Ijumaa saa sita mchana Bwana Pruitt, mkuu wa idara, anakuja kuhesabu vichwa. Asipokuta kumi na tano wamekaa darasani kwangu, darasa linafutwa, na chumba wanaweka zile mashine za kukimbia bila kwenda popote."

Lyle akaweka mkono kifuani. Mkono ule umewahi kuuza jenereta zisizo na injini; utamhurumia nani!

"Leo umepata mtu. Mimi ni Lyle, ofisi ya makaribisho." Jina la kweli alilitumia daima, kwa sababu uongo ukizidi unachosha kukumbuka. "Nipe kiti hiki nikiweke mapokezi ya mkuu wa chuo. Kila anayeingia atakiona. Ijumaa utakuwa na watu thelathini, utawafukuza kwa fagio."

"Thelathini!" Bi Kosciak akashika shavu. "Lakini chombo cha darasa hakitoki bila sahihi, mwanangu. Na leseni yako ya udereva nibaki nayo mimi. Sheria zao, si zangu."

Lyle akapiga hesabu ya haraka. Leseni picha yake ni mbaya, na mpya hutolewa kwa siku moja. Kiti ni kiti. Akaitoa, akasaini karatasi tatu bila kusoma. Watu waliozoea kusainisha wenzao huwa hawasomi.

Bi Kosciak mwenyewe alikifunika kiti kwa shuka la zamani, akakifunga kamba kuanzia miguuni hadi juu. "Kisipate vumbi. Na kibebe kwa mbele."

Dakika ishirini baadaye kiti kilikuwa dukani kwa Bi Nadira Shamoun, muuza samani za kale wa barabara kuu. Akafungua kamba, akapitisha mkono juu ya mahameli, akapumua kwa nguvu.

"Mia tisa," alisema. Kisha akakizungusha.

Nyuma hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na springi zilizochomoza, gunia, manyoya ya farasi, na karatasi iliyobanwa kwa pini: *Somo la kwanza hadi la tisa: mgongo. Usikalie.*

"Mbele bibi harusi, nyuma mifupa," alisema Bi Shamoun. "Kikiisha, mia tisa. Kikiwa hivi, nikupe ishirini uende nacho."

"Nani anaweza kukimaliza?"

"Mkono huu? Mwenyewe tu. Nenda akufundishe." Akacheka mpaka mbwa wake akaamka.

Lyle alilala siku mbili na kiti kile sebuleni. Kila akiona mbele alitabasamu, kila akiona nyuma alitukana. Ijumaa, saa sita kasorobo, akakipandisha ngazi za chuo kwa jasho, akakitua mlangoni mwa darasa.

"Mama, umeniingiza mjini!"

"Nimekuingiza darasani," alisema Bi Kosciak, na akamwonyesha karatasi ya kwanza kati ya zile tatu. "Vifaa vyangu vinaazimwa na wanafunzi wangu tu. Hii ya juu ni ya kujiunga. Hulipi hata senti, hapa kwetu mtu mzima asiye na shahada anasoma bure. Unayo shahada?"

"Sina."

"Nilidhani hivyo. Leseni yako imo kwenye kopo la misumari, ichukue sasa hivi uende, siwezi kukufunga kamba kama kiti. Ila mwanafunzi wangu akimaliza kiti, Desemba anaondoka nacho. Ni chake."

Viatu vya Bwana Pruitt vikasikika koridoni. Lyle akatazama kopo, akatazama mlango. Wanafunzi kumi na wanne wakamtazama yeye, wameshikilia nyundo zao ndogo. Nafasi ya kukaa ilikuwa moja tu. Akakikalia kiti cha kijani, na springi ikamchoma mgongoni palepale alipostahili.

Bwana Pruitt akahesabu kwa kalamu. Alipofika kumi na tano, kalamu ikasimama.

"Wewe! Wewe ndiye uliyeniuzia stika."

Darasa zima likageuka kumtazama Bwana Pruitt. Masikio yake yakawa mekundu.

"Kumbe na wewe ulinunua, Bwana Pruitt?" aliuliza Bi Kosciak kwa upole.

"Hilo si suala! Suala ni kwamba huyu si mwanafunzi. Umemwokota aje kujaza kiti. Kila mtu siku ya kwanza anasema jina lake na anachotaka darasani, sivyo? Basi na aseme. Akinidanganya, nitajua, na darasa nalifuta leo leo."

Lyle akasimama. Uongo wa aina tatu ukaja wenyewe ulimini, umeoga na kuchana nywele: mama mgonjwa, ndoto ya utotoni, biashara ya familia. Akafungua mdomo. Bi Kosciak alimtazama, na hapakuwa na msumari hata mmoja mdomoni mwake.

Lyle akafunga mdomo. Akaupapasa mkono wa kiti, pale misumari ilipoanza.

"Jina langu Lyle Vanderkolk," alisema. "Nakitaka hiki kiti."