Filamu Kumi na Karani Mmoja Kisiwani

(Hotuba ya Mkurugenzi wa Idara ya Burudani za Dharura, uwanja wa gati la pantoni. Ilipangwa saa mbili asubuhi, imeanza saa tano kasoro.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kunikaimisha mimi, kwa hiyo najisalimia, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi wa Filamu, ambaye pia ni mimi, Naibu Mkurugenzi, ninayemwona pale kivulini akiwa amefumba macho kwa kutafakari, Mhasibu wa Idara, Katibu Muhtasi, Mzee wa Stoo, Dereva wangu, wawakilishi wa taasisi zilizoalikwa, na viti vya wale ambao hawakuja, Nahodha wa pantoni, ambaye chombo chake tumekisimamisha hapa gatini ili kisitupigie kelele, wanahabari, yaani yule mpiga picha za pasipoti, wafanyakazi wote wa Idara, mliopo hapa na mliopo kwenye orodha, wananchi mliokuja kwa hiari na mliokuja kwa lori, na wewe mama uliyesimama kule nyuma na mtoto mgongoni, tafadhali kaa, maswali yapo kwenye ratiba, ukurasa wa mwisho, kama muda utaruhusu. Kama kuna cheo nimekiruka, mwenye cheo ajitaje kimoyomoyo.

(Makofi ya wafanyakazi. Wananchi wanaulizana kama soda zitagawiwa kabla au baada.)

(Mama mwenye mtoto, akiwa bado amesimama: "Mimi nina swali moja tu, Mheshimiwa. Mume wangu anarudi lini?")

Tutafika hapo, mama, usiwe na haraka kuliko ratiba. Kwa faida ya wageni, mama huyu ni mke wa Karani wa Masjala, yule mtumishi mwadilifu ambaye kwa sasa yuko pale, kwenye kisiwa mnachokiona mbele yetu, mita mia nne tu kutoka hapa niliposimama, akiwa amekwama kwa niaba yetu sote.

Ndugu wananchi, leo tunazindua rasmi Mpango Mkakati Shirikishi wa Filamu Pendwa kwa Watu Waliokwama Kisiwani, mpango ambao kabla yake, naomba mnisikilize kwa makini, hapakuwa na mpango. Utafiti wa kina wa Idara yangu umeonyesha kwamba asilimia mia moja ya watu waliowahi kukwama visiwani walikwama bila kuandaliwa filamu. Na kwamba mwananchi wa kawaida, akiulizwa ghafla angependa awe na filamu zipi kumi akikwama, katika asilimia sitini na tatu nukta nane ya matukio huanza kwa kusema "aaa," asilimia thelathini na sita huuliza kama anaweza kubeba chakula badala yake, na sehemu iliyobaki ni Dereva wangu, aliyetaja kumi papo hapo na zote zikawa za magari. Je, tunaweza kuendelea hivyo?

(Sauti: "Tunaweza.")

Hatuwezi. Ndipo nikaunda Kamati ya watu ishirini na watatu, ikakaa siku tisa kwenye ukumbi wetu wa ghorofa ya pili, ule wenye feni inayogonga na meza ambayo mguu wake mmoja umekingwa na Sera ya Mawasiliano, toleo la zamani. Kila mjumbe alikuja na filamu zake kumi, jumla mia mbili na thelathini, na hapo nikagundua kwamba unaweza kufanya kazi na watu miaka kumi na tano na usiwajue hata kidogo. Mhasibu, mtu mkavu kama rula, alitaka filamu moja tu, nakala kumi, kwa sababu kila akiitazama husinzia karibu na mwisho, na anaamini kisiwani ndiko atakakoimaliza. Katibu Muhtasi alitaka za kulia. Naibu wangu alileta video ya harusi ya binti yake, sehemu ya kwanza hadi ya sita, kwa hoja kwamba mle ndani na mimi nimo, nikila. Mzee wa Stoo alitaka ile ya yule mtu na farasi. Akaulizwa farasi yupi, akasema wa kahawia. Kikao kikaahirishwa ili akaikumbuke vizuri, na kesho yake akaja na farasi mweupe. Ilifika mahali watu wazima, wenye wajukuu, wakarushiana kalamu. Mimi kama mwenyekiti niliwasikiliza wote kwa usawa, nikaandika kila hoja, kisha nikachagua zangu.

(Makofi. Naibu Mkurugenzi hapigi.)

Filamu namba moja ni ya mapigano, ambamo mtu mmoja anawapiga watu arobaini, na hao arobaini wanasubiri zamu zao mmoja mmoja bila kusukumana, nidhamu ya foleni ambayo ofisi zetu zote zinapaswa kuiga. Namba nne ni ya mapenzi. Kijana na binti wanaimba wakizunguka bustani na kubadilisha nguo mara saba ndani ya wimbo mmoja, na Kamati ilitumia siku nzima kujadili mabegi yao yako wapi. Namba saba ni ya kutisha: dada mmoja anasikia mkwaruzo chumba cha chini, taa zimezimika, na badala ya kukimbia anashuka peke yake kwenda kuangalia, na huo, ndugu zangu, ndio uwajibikaji. Namba tisa ni dokumentari ya saa mbili kuhusu maisha na utendaji wangu. Namba kumi ni mwendelezo wake.

(Mama mwenye mtoto: "Sasa hizo anaziangaliaje, na kule hakuna umeme?")

Swali zuri, ingawa halipo kwenye ratiba. Suala la umeme lipo awamu ya tatu. Suala la televisheni lipo awamu ya nne. Katika awamu hii ya kwanza, ambayo kitaalamu tunaiita pailoti, mtumiaji amekabidhiwa makasha kumi ya filamu hizo, yana picha nzuri kwa nje na maelezo kwa nyuma, na mtu mwenye akili zake timamu akisoma yale maelezo taratibu anapata karibu asilimia themanini ya filamu.

(Mama: "Lakini mume wangu hapendi sinema, Mheshimiwa. Ukiwasha tu, kabla hata majina hayajaisha yeye keshakoroma. Yeye anapenda mpira wa redioni. Mngemuuliza.")

(Kicheko. Sauti: "Mwacheni shemeji aseme.")

Mama yangu, kumuuliza mtumiaji kungeharibu utafiti. Na naomba niweke rekodi sawa, kwa sababu mtaani kunasemwa mengi: Karani hakulazimishwa. Alichaguliwa kwa kura zote za Kamati, kwa demokrasia kamili, yeye mwenyewe akiwa chumba cha fotokopi anatutolea nakala za ajenda. Aliporudi na karatasi zake zikiwa bado za moto, tulimpigia makofi, na yeye akatabasamu, maana hakujua ni ya nini. Akapelekwa kwa siku tatu za kazi, ambazo baadaye zikafanyiwa nyongeza ndogo.

(Nahodha wa pantoni: "Miezi minane.")

Miezi minane, ndiyo, tukijumlisha na wikiendi.

(Mama: "Nilikuwa mjamzito alipoondoka. Huyu hapa ana miezi sita, ana meno mawili, na baba yake hajamwona.")

Hongera sana kwa meno. Idara inayatambua. Lakini, ndugu zangu, lazima tuangalie matokeo, na matokeo ya mpango huu yamevuka malengo kwa kiwango kinachonipa wakati mgumu kuwa mnyenyekevu. Tuna mfumo wa ufuatiliaji na tathmini unaofanya kazi saa ishirini na nne, yaani Mzee wa Stoo, anayekaa hapa gatini kwenye stuli na kuandika anachokiona. Mwezi wa pili, mtumiaji alionekana amevua shati na kulipunga kuelekea kwetu kwa saa nne mfululizo. Kamati ikaainisha hiyo kama furaha itokanayo na filamu namba nne. Mwezi wa tano akawasha moto mkubwa juu ya mwamba, moshi ukaonekana hadi sokoni. Tukaandika kwamba filamu za mapigano zimemgusa. Mwezi uliopita amepanga mawe meupe ufukweni, herufi kubwa kabisa, yanasomeka NJOONI, na hapo, ndugu zangu, mtumishi wa umma amebuni tangazo la utalii bila kuagizwa na mtu.

(Nahodha: "Mheshimiwa, anataka kuja kuchukuliwa. Hata mbuzi ameshaelewa.")

Nahodha, wewe nilikuandikia barua, na ninaamini bado unayo.

(Nahodha: "Ninayo. Inasema nikisogea chini ya mita mia mbili na kile kisiwa, nanyang'anywa leseni. Ndiyo maana chakula anachopika shemeji nakifunga kwenye pipa la plastiki, naliachia majini, naomba upepo. Juzi upepo ulikataa. Pipa likaenda kwa mamba.")

Hayo ni mambo ya lojistiki. Mtu aliyekwama lazima awe amekwama kweli. Akitembelewa, huyo si mtafitiwa tena, huyo ni mgeni. Kwa hiyo ninatangaza leo, mbele yenu, kwamba kutokana na mafanikio haya, awamu ya kwanza inaongezwa miaka miwili.

(Mama anakaa chini kwa mara ya kwanza.)

(Gari la serikali linasimama nyuma ya jukwaa. Anashuka mwanamke mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Katibu Muhtasi anamnong'oneza Mkurugenzi.)

Naambiwa tumepata mgeni. Karibu sana, mheshimiwa. Mpeni kiti, si hicho, hicho kina mguu mbovu. Kwa taarifa yenu, huyu ni Mkaguzi kutoka makao makuu, na amefika wakati mwafaka kabisa, nilikuwa ndiyo kwanza nataja jina langu kwenye mafanikio.

(Mkaguzi: "Nimepokea barua ya mama mmoja. Sitachukua muda wenu. Nataka kujua mradi huu ni wa nani, na nani alisaini mtumishi apelekwe kisiwani.")

Mradi upi?

(Mkaguzi: "Huu ulioandikwa kwenye bango lililo nyuma yako.")

Aaa. Ndugu Mkaguzi, ndugu wananchi, naomba nitumie nafasi hii kutoa ufafanuzi. Nimesimama hapa kwa muda mrefu nikizungumzia mradi unaodaiwa kuwepo, na nadhani wasikivu mmeona jinsi nilivyokuwa naushangaa. Mradi wowote wa serikali una faili. Nendeni masjala sasa hivi, fungueni kabati la chuma, droo ya tatu, ile inayohitaji kupigwa teke kidogo, hakuna faili. Na hakuna faili kwa sababu Karani wa Masjala, ambaye ndiye hufungua mafaili, hayupo ofisini, na hayupo kwa sababu ambazo, kwa kukosekana kwa faili, Idara haiwezi kuzifahamu. Kwa hiyo nasema kwa kinywa kipana: mradi huu haupo, haukuwahi kuwepo, na aliyeutunga simfahamu, ingawa ninamheshimu.

(Nahodha, akiinuka: "Subiri kidogo. Mradi haupo?")

Haupo.

(Nahodha: "Na ile barua ya mita mia mbili?")

Mradi ambao haupo utaandikaje barua? Tumia akili, Nahodha.

(Nahodha: "Nimeshaitumia. Shemeji, twende. Mshike mtoto vizuri, hapo pana utelezi.")

(Watu wanasimama wote kwa pamoja. Viti vinaanguka. Injini ya pantoni inawaka.)

Ndugu wananchi, hotuba haijaisha, bado kuna takwimu za kila wilaya. Kaeni. Mhasibu, wewe unaenda wapi? Mzee wa Stoo, rudi kwenye stuli. Ndugu Mkaguzi, hata wewe unapanda?

(Mkaguzi, kutoka kwenye pantoni: "Nataka nimsikie yeye mwenyewe.")

Sawa, basi tumalizie na kaulimbiu, mtaitikia hukohuko mliko. Nikisema Filamu, mnasema Kumi. Filamu!

(Honi ya pantoni.)

Nikisema Burudani, mnasema Hadi Kisiwani. Burudani!

(Kutoka majini wanawake wanapiga vigelegele. Ng'ambo, mtu mwembamba mwenye ndevu amesimama, anayatazama maji kama asiyeamini, kisha anaanza kukimbia.)

Kwa faida ya kumbukumbu, ninaona hapa mbele yangu mtu ambaye rasmi hayuko kule, ameingia majini hadi kiunoni na suruali yake ya kazi. Sasa hadi kifuani. Nahodha, punguza mwendo, mtamgonga mtu asiyekuwepo. Haya, wamempandisha. Mama amempa mtoto. Mtoto analia, hamjui. Naye analia. Mkaguzi amevua miwani. Kwa ujumla wote wanalia, kitu ambacho katika siku tisa za Kamati hakuna filamu iliyokifikia, na ninaomba Katibu Muhtasi akiandike kama tokeo la Idara, kama Katibu Muhtasi yupo.

(Hayupo.)

Basi nihitimishe. Kwa niaba yangu na kwa niaba ya Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, nawashukuru nyote mliokuwa hapa kwa kushiriki uzinduzi wa mradi ambao haukuwahi kuwepo, uliotumia filamu ambazo hazikuwahi kuchezwa, na ambao nina furaha kutangaza kwamba umekamilika leo asubuhi kwa asilimia mia moja, miaka miwili kabla ya muda, chini ya uongozi wangu. Ahsanteni sana. Dereva, lete gari.

(Dereva yuko kwenye pantoni. Amempa Karani redio.)